Aliyeitikia Kwenye Blenda

Mwanzoni ilikuwa sauti tu: mlio wa mashine inayohangaika bila kazi kufanyika, kama waume kadhaa tunaowafahamu. Mama Pacha alibonyeza kitufe, blenda ikanguruma, kaunta ikatetemeka, kijiko kikacheza kwenye sahani yake, lakini ndani ya jagi viazi na karoti vilivyochemshwa vilikaa kimya vikitazamana. Visu havikusogea.

Alizima, akawasha tena. Akalikandamiza jagi kwa kiganja. Visu vikajivuta mzunguko mmoja, kwa uvivu wa mtu aliyeamshwa siku ya mapumziko, vikaacha.

"Haya basi, mpenzi wangu," akaiambia. "Zunguka kidogo tu. Usiniaibishe."

Sote tunazungumza na mashine, tusidanganyane. Kuna wanaozitukana, na kuna wanaozipiga makofi. Mama Pacha alikuwa mtu wa kubembeleza. Aliibembeleza pasi, alilibembeleza kufuli la uani lililokwama, na hiyo blenda, kadiri ilivyozidi kuchoka wiki hadi wiki, akaimwagia maneno ambayo mumewe hakuwa ameyasikia tangu pacha wakiwa tumboni, na pacha wenyewe walishaoa wakahamia mbali. Moyo wangu. Roho yangu. Njoo basi, usinikimbie. Mumewe akipita mlangoni na kusikia "njoo basi, roho yangu," alisimama, akajitazama, akakumbuka kwamba yeye si kifaa cha umeme, akaendelea na safari yake ya kwenda kukaa.

Mume huyo, majirani walimwita Hakuna-Shida, kwa kuwa ndilo jibu alilolitoa kwa kila jambo, hata siku paa lilipoezuliwa na upepo.

Blenda yenyewe haikuwa ya anasa. Chumba cha pili kutoka jikoni alikuwamo mama yake Hakuna-Shida, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja, mkono, mguu na nusu ya mdomo, lakini kikauogopa ulimi. Kutafuna hakuweza tena. Alikula kilichosagwa tu, laini kama uji, na daktari alishasema wazi: akiacha kula kwa mdomo, atawekewa mpira wa puani. Bibi alimjibu daktari, kwa nusu ile ya mdomo iliyobaki, kwamba siku atakayotiwa mpira puani kama tairi la baiskeli, ndiyo siku atakayogeukia ukutani afe. Na Bibi hakuwa mtu wa kutishia bure.

Kwa hiyo uhai wa Bibi ulikuwa kwenye lile jagi, na aliyelishika ni mkamwana ambaye Bibi alikuwa amemdharau tangu siku ya harusi bila kukosa hata siku moja, kwa uaminifu ambao wengine huuweka kwenye sala.

Majini nao wanatofautiana kama watu. Wapo wa daraja la juu, wenye milima yao na visima vyao, ambao ukiwataja ni vizuri kwanza uvae shati. Na wapo, samahani kwa kusema, wazururaji: vijini vya uchochoroni vinavyorandaranda jikoni mwa watu vikisubiri mtu yeyote, popote, aseme neno "njoo."

Asubuhi moja boga likiwa tayari kwenye jagi, Mama Pacha alisema maneno yake, "Njoo basi, roho yangu," na kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, visu vikazunguka. Havikunguruma. Vilizunguka polepole, kimya, kama kijiko kwenye chai ya mtu mwenye mawazo, na boga likalainika lenyewe. Harufu ya mpira ulioungua ilikuwapo, hiyo alishaizoea. Lakini chini yake palikuwa na nyingine, harufu ya marashi mazito, ya bwana harusi aliyejimwagia chupa nzima kwa kukosa wa kumwambia inatosha.

"Ahsante, mpenzi," alisema Mama Pacha, kwa kuwa alilelewa vizuri. Akajiambia kwamba labda kidole kilibonyeza bila yeye kujua.

Bibi alipokea kijiko cha kwanza, akakizungusha upande wa mdomo uliobaki na nguvu, akakitema kwenye kitambaa.

"Hakuna kitu," akasema.

"Nimetia chumvi, mama. Na siagi."

"Onja."

Mama Pacha akaonja. Chakula hakikuwa kibaya, kibaya kingekuwa afadhali. Hakikuwa na utamu wala chumvi, wala ladha ya boga, wala ya maji. Ilikuwa kama kulamba kioo cha dirisha. Akarudi jikoni, akaongeza chumvi, akaonja, akaongeza tena. Kioo.

"Miaka yote nasema," alisema Bibi kutoka chumbani. "Hajui kupika." Kisha akafumba mdomo, na ulipofumbwa, hakukuwa na kijiko kilichoweza kuufungua.

Hakuna-Shida aliamua kuitengeneza blenda mwenyewe, kwani lawama zilianza kumfikia alipokuwa amekaa. Aliigeuza chini juu, akafungua alichoweza kufungua, akakaza alichoshindwa kufungua, akabaki na skrubu ambayo haikuwa na kwao. "Hakuna shida," akasema, akaitia mfukoni. Ndipo akaitwa Fundi.

Fundi alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na dharau ya kumtosha yeye na ukoo wake wote. Hakumsalimu mtu, aliisalimu blenda kwa kuipiga kofi.

"Nani alichokonoa hapa?"

"Pengine panya," alisema Hakuna-Shida.

"Panya mwenye bisibisi?"

Akalitoa jagi, akavizungusha visu kwa ncha ya kidole. Vilikwenda vizuri, bila kugoma. "Visu vizima." Akawasha mota bila jagi, akainama, akasikiliza, akanusa. "Mota nzima. Haina cheche, haina moshi. Sasa njooni muone aibu yenu." Akaonyesha kile kidude cha mpira kinachokaa juu ya mota na kulishika jagi kwa chini. Kilitakiwa kiwe na meno. Meno yalikuwa yameliwa, yamebaki vilima vya mviringo, na pembeni pamejaa unga mweusi. "Mota inazunguka, huyu anateleza, visu juu havipati habari. Mnasaga kwa kuomba Mungu. Mngekiona mapema mngenunua kipya. Lakini nyie watu mnangoja mpaka kitu kikate roho ndiyo mmwite fundi aje kufufua."

Akapitisha bisibisi kwa chini kuzuia mota isizunguke, akakishika kidude kwa koleo. Hakikutikisika. Akakunja uso, akamgeukia Hakuna-Shida taratibu, kama hakimu.

"Wewe ulikizungusha upande gani?"

"Upande wa kufungulia. Kwa nguvu zote."

"Huyu hufunguka upande wa kufungia! Wametengeneza hivyo makusudi, mota ikizunguka izidi kumkaza asiruke. Ulidhani unafungua, kumbe unamshindilia!"

"Mwanangu huyo," ilisikika sauti ya Bibi kutoka chumbani. "Kichwa kilitoka, akili ikasema itakuja baadaye."

Baada ya jasho na maneno yasiyofaa kuandikwa, kidude kiliachia. Fundi akafunga kipya, chenye meno makali meusi, akajaza jagi maji hadi nusu, akawasha. Maji yalizunguka, yakachimba shimo katikati, yakapanda ukingoni. Jikoni pakajaa mlio wa kazi halali. Mama Pacha nusura alie kwa furaha.

"Basi," alisema Fundi. Akazima, akachomoa waya ukutani, akaanza kuukunja mkononi.

Maji yaliendelea kuzunguka.

Fundi aliitazama plagi iliyo mkononi mwake. Akaitazama blenda. Akaitazama plagi tena, kama mtu anayetumaini mmoja wao atakiri. Shimo katikati ya maji likazidi kwenda chini, chini kuliko kimo cha jagi lenyewe, na kutoka humo ikaja sauti laini, ya pua, yenye kujisikia.

"Wewe mwenye miwani ya uzi. Nani kakutuma uguse ninapolala?"

Fundi aliiangusha plagi.

"Mle mlimolegea ndimo nilimokaa. Umeniwekea meno mapya, yananichoma." Harufu ya marashi ilipanda hadi ikawasha macho. Kisha sauti ikabadilika, ikawa na sukari ya kuchukiza. "Lakini si neno. Sasa nitakaa nyumba nzima. Roho yangu, u wapi? Niite tena."

Fundi aliondoka. Aliacha mkoba, koleo, bisibisi, pamoja na msimamo wake wa miaka mingi kwamba majini ni visingizio vya watu wasiosoma maelekezo ya mashine.

Hakuna-Shida aliifunga blenda kwenye gunia, akaipeleka jalalani mchana kweupe, akarudi akiimba. Aliikuta kwenye kaunta. Imeoshwa, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile angelifanya bila kulazimishwa. Mama Pacha akaazima blenda ya jirani. Chakula kikatoka kioo. Akaponda kwa mkono, akachuja kwa kitambaa, akakoroga maziwa matupu, kioo. Chochote kilichopita mikononi mwake kilifika mdomoni kimenyonywa, na kila alipoinama juu ya sufuria alihisi pumzi yenye marashi shingoni, na ile sauti ya pua ikimuuliza kwa nini anampikia kizee mwenye ulimi wa msumeno, na yule bwana aliyekaa pale ukumbini ndiye mume, kweli? "Mimi nilidhani ni fanicha."

Bibi akazidi kunyauka. Alishaacha hata kusema kwamba chakula ni kibaya, na hilo lilimtisha Mama Pacha kuliko sauti ya kwenye jagi. Muuguzi aliyekuja kumpima alimvuta pembeni, akamnong'oneza: "Asipokula hadi kesho, mleteni. Tutamwekea mpira." Bibi alisikia. Akaugeukia ukuta.

Siku hiyo hiyo Hakuna-Shida akaleta mganga. Alikuwa amevaa koti linalong'aa na viatu vinavyong'aa zaidi, na alikuwa na falsafa yake: jini ni mkubwa, na mkubwa huombwa. Alipiga magoti mbele ya kaunta, akafukiza kitu, akainua mikono.

"Ewe sultani wa upepo! Ewe simba wa moto usio na moshi!"

"Endelea," ilisema blenda.

"Ewe mwenye enzi, mwenye majeshi, usiye na mfano! Tunakubembeleza, ewe mwema..."

Na kwa kila jina la heshima lililotamkwa Mama Pacha aliona mwanga wa dirishani ukipungua ingawa jua lilikuwa palepale nje, na jagi tupu likijaa weusi kutoka chini kwenda juu kama kikombe kinachomiminiwa wino, na milango ya makabati ikianza kupumua, ikifunguka kidogo na kujifunga kidogo, kidogo na kidogo, na sahani zikagusana zenyewe mle ndani kama meno ya mtu mwenye baridi, na marashi yale yakawa mazito kiasi kwamba hayakuwa tena harufu bali kitu cha kumezwa, mpaka ule weusi ukafika ukingoni mwa jagi, ukavimba juu ya ukingo bila kumwagika, ukajipinda polepole kumtazama yeye, yeye peke yake, bila macho.

"Umenichosha," sauti ilimwambia mganga. "Nenda. Viatu acha."

Mganga akaenda. Viatu akaacha.

Hakuna-Shida alikuwa ameanza kukisukuma kiti cha magurudumu cha mama yake kuelekea mlango wa nyuma, unaopitia jikoni, ampeleke hospitali au popote pasipo na kaunta. Gurudumu likakwama kwenye kizingiti cha jikoni. Akavuta. Akasukuma. Kiti na Bibi wakabaki pale mlangoni kama picha kwenye fremu, naye nyuma yao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema hakuna shida.

Mama Pacha hakuwa amekimbia. Alikuwa amesimama akihesabu akilini, kwa lugha nyepesi ya mpishi, kilichokivimbisha kijini kile na kilichokipunguza. Kilipotukanwa na Fundi kilinung'unika. Kiliposifiwa na mganga kilifura kama hamira. Na kabla ya wote hao, nani alikuwa wa kwanza kukiita mpenzi?

"Toka nyumbani kwangu," alisema. "Tafadhali."

Weusi ulitikisika kwa kicheko. "Tafadhali! Mnasikia? Roho yangu, hata kufukuza hujui. Niite tu."

Kweli hakujua. Alitafuta tusi kinywani mwake, hakulikuta. Mwanamke yule hata mbu alimuomba radhi kabla ya kumpiga. Kinywa kilikuwa kitupu. Lakini masikio yalikuwa yamejaa. Yalikuwa yamejazwa miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, na mtu aliyekuwa amekaa pale mlangoni.

"Wewe," alisema, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa na mkunjo wa Bibi, hata ile namna ya kuvuta neno kama mtu anayenyonyoa kuku. "Wewe ni mtu wa kujaza nafasi tu. Kama kiti cha ziada msibani."

Kicheko kilikatika.

"Umeingia mlango wa mbele, lakini sura ni ya mlango wa uani."

"Roho yangu..."

"Nani roho yako? Kelele za debe, kazi ya chujio lililotoboka. Unasema unapika? Wewe hata maji ukiyachemsha yanaungua. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe; wewe, jembe lenyewe lingekataa kushikwa na wewe."

Weusi ukashuka chini ya ukingo. Milango ya makabati ikaacha kupumua. Hakuna-Shida, nyuma ya kiti, aliyatambua maneno: kila sentensi alikuwa ameshaisikia, mezani kwake, ikienda kwa mkewe, na kila mara alikuwa ameinuka kwenda kutazama kama geti limefungwa.

"Unatembea kama unaiomba sakafu msamaha," aliendelea Mama Pacha, na machozi yalikuwa yanamtoka, ila sauti haikutetereka. "Kivuli chako kinaona haya kufuatana na wewe. Ukisifiwa ni kwa kuwa aliyekusifia ana haraka. Mwenye haya hangoji kuambiwa ondoka, lakini haya utaitoa wapi, wewe uliyekuja mikono mitupu hata aibu hukubeba?"

Sasa weusi ulikuwa umebaki mduara mdogo chini kabisa, unaozunguka visu, na sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Lakini wewe ndiye uliyeniita," ilisema. "Mimi sijawahi kuitwa na mtu. Uliniita kwa upole. Mbona unanisema hivi?"

Moyo wa Mama Pacha ulikuwa na ugonjwa wa kuhurumia chochote kinacholia. Aliutazama ule mduara, na mkono wake ukainuka kidogo, kama wa mtu anayetaka kusawazisha nywele za mtoto. "Ni kweli," alisema taratibu, "nilikuita..."

Marashi yakarudi kwa mkupuo. Weusi ukaruka nusu jagi.

"Umesahau moja."

Ilikuwa sauti ya Bibi, iliyokwaruza, ya nusu mdomo.

Mama Pacha aligeuka. Hakuwa amesahau. Hilo moja lilisemwa siku ya harusi yake, mbele ya wageni, akiwa bado na maua kichwani, na alikuwa ameliruka kwa makusudi, kwa kuwa hilo hakuona kama linastahili kuambiwa yeyote, hata kitu kile.

Bibi hakumtazama. Aliinua mkono wake mmoja mzima, akaielekezea blenda kidole, na kwa dharau safi, isiyo na haraka, dharau ya mtu aliyebobea, akasema:

"Hukupendwa. Uliokotwa. Duka lilikuwa linafungwa."

Kitu kikapasuka, si jagi. Kitu hewani, kama uzi uliokazwa mno. Weusi ulijimeza wenyewe kwenye visu, mlio mmoja mwembamba wa pua ukapita dirishani, ukavuka ukuta wa uani, ukaenda zake kulia kwa jirani au popote vinapopokewa vitu vya namna hiyo. Jua likaingia. Friji ikakohoa, ikaendelea na kazi yake. Jagi lilikuwa tupu, na chini yake kile kidude kipya cha mpira kilikaa na meno yake yote.

Wanawake wawili walitazamana, na mambo mengi yalipita kati yao ambayo Hakuna-Shida hakuyaona, kwa kuwa alikuwa ameinama anakwamua gurudumu.

Mama Pacha alifuta uso kwa ncha ya kanga. Lile boga la mwisho, ambalo alikuwa ameliongezea chumvi mara baada ya mara akiitafuta ladha iliyopotea, lilikuwa bado kwenye sufuria. Akalitia ndani ya jagi, akachomeka waya, akabonyeza kitufe bila kusema chochote. Mota ikanguruma, meno yakashika, visu vikazunguka. Alimimina kwenye bakuli, akachota, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu na kijiko mkononi.

Bibi alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua mdomo, akapokea, akakizungusha upande ule wenye nguvu. Uso wake ukakunjamana. Akameza.

"Chumvi imezidi," akasema kwa dharau, na akafungua mdomo tena.